Wiki 12 za kuchomelea mabomba Tanga: nimelipa nini, nimepata nini

Mezani kwangu kuna vipande vinne vya chuma vilivyokunjwa kama herufi U. Vitatu ni safi. Cha nne, ukikigeuza mgongo, kina ufa ulioachama kama mdomo wa samaki, milimita 5. Kanuni ya mtihani inavumilia 3. Ufa huo ulinigharimu shilingi 280,000 na wiki mbili za kukosa usingizi, na ndio umenikalisha niandike haya, maana kila wiki kuna mtu ananipigia kuniuliza kama kozi ya 6G, ule mtihani mgumu wa kuchomelea mabomba, inafaa kulipiwa.

Inafaa, kwa anayejua anachonunua. Kati ya nyota tano chuo nilichosoma nakipa tatu na nusu, na karibu zote ni za mwalimu. Jina la chuo silitaji. Nimewaandikia wenyewe barua ya kurasa nne, mkuu wa chuo akanijibu kiungwana, basi yaliyo yao nimewaachia wao. Ni chuo binafsi, nje kidogo ya mji ukishika njia ya Pongwe. Ninayoyasema yatamfaa hata anayekwenda chuo kingine, awe Dar, Mwanza au Mtwara.

Kwanza mjue anayeongea. Mie ni mhasibu, miaka 38, mama wa watoto wawili, mkazi wa Makorora. Miaka 11 nilikaa kwenye ofisi ya kampuni ya kutoa mizigo bandarini nikiandaa mishahara, kodi na makato. Mwanzoni mwa 2025 kampuni ikahamishia hesabu zote Dar es Salaam, mfumo mpya wa kompyuta ukabeba kazi ya watu watatu, nikapewa barua. Malipo ya kuachishwa niliyajua kabla sijaambiwa, kwa sababu nimewapigia hesabu wengi: siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, na sheria inahesabu miaka 10 tu hata kama umekaa 11.

Machi ya mwaka huo TRA walikuwa wakisaili. Nafasi 1,596, waombaji zaidi ya 130,000. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa mmoja wao, ana digrii ya uhasibu kama mimi. Aliporudi jioni alinikuta barazani, akakaa chini, akavua viatu. "Dada," akasema, "nimeacha kuhesabu vichwa." Hatukuongea tena mpaka magharibi.

Sasa, kwenye ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi pale Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, palikuwa na tangazo la mkandarasi anayetafuta wachomeleaji wa mabomba wenye cheti cha 6G. Lilibandikwa Januari. Februari likabandikwa lingine juu yake. Aprili la tatu, na kona za yale mawili ya chini zikichungulia. Nilisimama pale na baiskeli yangu nikazitazama karatasi zile muda mrefu. Kwenye kazi ya mezani watu zaidi ya 80 wanagombea kiti kimoja. Kwenye kazi hii, miezi minne, karatasi tatu, na mtu hajapatikana. Mji ni huo huo.

Nilikuwa na miezi sita ya kubadilika. NSSF walikuwa wakinilipa fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara kwa miezi sita, na baada ya hapo basi. Kozi ya miaka miwili mitatu isingewezekana. Nafasi za uanagenzi zinazolipiwa na serikali ni za vijana wa miaka 15 hadi 35, mie nimevuka. Nasema hili kwa uchungu kidogo kwa sababu kila mwezi nilikuwa nikijaza SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi anayolipa mwajiri mwenye wafanyakazi 10 na kuendelea, wakati naachishwa ilikuwa asilimia 3.5 ya mishahara. Nimeijaza zaidi ya mara mia. Mtu wa miaka 38 aliyeachishwa kazi naye anahitaji kujifunza upya, na ana ada ya shule ya watoto juu ya kichwa chake. Natamani wanaopanga haya wamkumbuke.

Basi nikalipa mwenyewe. Ada shilingi 1,850,000, wiki 12, Juni hadi Agosti. Tulikuwa 18 darasani, wanawake wawili: mimi na binti wa miaka 22 kutoka Muheza. Vijana wengi walikuwa wamemaliza kidato cha nne, watatu wana digrii, mmoja alikuwa fundi wa mageti kutoka Pangani mwenye miaka 20 kwenye kazi na cheti cha VETA cha kurasimishwa ujuzi. Walinipokea kwa heshima. "Shikamoo mama mhasibu," kila asubuhi, na grinda zikawashwa.

Siku ya kwanza nilifika na hijabu ya nailoni. Mwalimu hakunihutubia. Alichukua kipande cha nailoni kutoka kwenye droo yake, akakisogeza kwenye chuma kilichokuwa bado chekundu, kikajikunja mara moja kikawa tone jeusi linalonata. "Bi mkubwa," akasema, "tone kama hili likidondoka shingoni halipanguswi. Linatoka na ngozi." Kesho yake nilikuja na kipande cha khanga ya pamba, nimekifunga vizuri chini ya kofia ya kuchomelea, na hivyo ndivyo ninavyovaa mpaka leo. Dada zangu wanaoniuliza kama hijabu inaruhusiwa, ndiyo, inaruhusiwa, ila iwe pamba tupu.

Mwalimu wetu ni mzee wa miaka sitini na kitu. Alifanya kazi kwenye bomba la gesi la kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam, lile lililokamilika 2015, na ukimsikiliza wiki moja utajua hajasoma vitabuni peke yake. Wiki mbili za kwanza ni usalama na nadharia. Kisha chuma bapa, mkao kwa mkao: kulaza, kuvuka, kupanda, na juu ya kichwa, ambako cheche zinakumwagikia wewe. Kisha ndipo bomba. Kwa wasiojua, 6G maana yake bomba limefungwa likiwa limelala nyuzi 45 na haligeuzwi. Wewe ndiye unayelizunguka, unachuchumaa, unainuka, unajipinda, na mshono usionyeshe wapi ulibadilisha mkao. Anayeliweza hilo amehesabiwa kuiweza mikao yote ya bomba, ndiyo maana matangazo yanaitaja 6G tu.

Nichukue siku moja ya wiki ya tano niwaonyeshe kwa nini nawasifu.

Vipande viwili vya bomba la inchi 6, kingo zimechongwa nyuzi 30 kila upande, vikikutana vinafanya bonde. Katikati lazima ubaki mwanya wa milimita 3 hivi. Mwalimu anachukua elektrodi, yaani fimbo ya kuchomelea, ya milimita 3.2, anaigonga mpaka ganda lote linamwagika, anakunja waya uliobaki kama pini ya nywele, anauchomeka katikati ya vipande, anashikiza nukta nne, anauchomoa. Mwanya umekaa sawa kuzunguka duara lote. Kisha bomba linafungwa kwenye nguzo, unaanza chini kabisa, unapanda.

Mshono wa kwanza ni mzizi, na elektrodi yake ni ya aina ya 6010. Unaisukuma ndani mpaka kingo zote mbili ziyeyuke na kitundu kidogo kifunguke mbele ya moto, umbo lake kama tundu la ufunguo. Kitundu hicho ndicho kazi yenyewe. Kikiziba, mzizi haujaingia. Kikipanuka, chuma kinadondokea ndani ya bomba kama nta ya mshumaa. Unakitazama kupitia kioo cheusi, mkono unatetemeka, jasho linaingia jichoni, na elektrodi inazidi kuwa fupi.

Mwalimu alisimama nyuma yangu, amegeuza uso pembeni, anasikiliza. Mzizi unaoingia una sauti ya pumzi, moto unapuliza kupita kwenye kile kitundu hadi ndani ya bomba. Usioingia unachachatika tu, kama maandazi kwenye karai.

"Unakaanga, bi mkubwa."

Nikasukuma kidogo, robo ya upana wa kidole.

"Bado unakaanga."

Nikasukuma tena, na sauti ikabadilika. Niliisikia mwenyewe. Bomba likaanza kupumua. Hakusema kitu, aliondoka akaenda kwa mwingine. Nilipomaliza nikamulika ndani kwa tochi ya simu: kuna mstari mwembamba ulioinuka sawasawa, kama mshono wa cherehani, isipokuwa kwenye ile nukta ya tatu niliyokuwa sijaisaga vya kutosha. Nilipiga picha. Bado ninayo.

Hakuna video iliyoweza kunifundisha sauti ile. Yule fundi wa Pangani, aliyechomelea mageti miaka 20, naye alisema hajawahi kuambiwa asikilize. Kwake shida ilikuwa nyingine: mtaani alizoea kuchoma bila kioo, anafumba macho cheche ikiruka, kisha anafumbua kutazama. Kwenye mzizi huwezi kufumba macho. Alihangaika mwezi mzima kuiacha tabia ile, na Mwalimu hakumdharau hata siku moja.

Haya, sasa yaliyoniudhi.

Elektrodi za kujazia juu ya mzizi ni 7018, na hizi hazipatani na unyevu. Ganda lake likinyonya maji ya hewani, hidrojeni inaingia kwenye chuma na mshono unaweza kupasuka baadaye ukiwa umeshapoa. Ndiyo maana hukaa kwenye oveni, joto zaidi ya nyuzi 100, na mtu anachukua chache chache. Tanga yetu hii, ambako chumvi ya mezani haimwagiki mpaka uichanganye na punje za mchele, oveni ya elektrodi si pambo. Ya chuo iliharibika wiki ya sita ikakaa wiki tatu. Pakiti zikafunguliwa, zikaachwa rafuni. Mishono yetu ikaanza kutoka vitundu kama mkate wa kumimina, na vijana wakadhani mikono yao ndiyo mibaya. Mwalimu alilalamika ofisini, halafu kwa hela yake akatengeneza sanduku la bati lenye balbu ya wati 100 ndani. Lilisaidia kiasi. Lakini mwanafunzi aliyelipa ada kamili asifundishwe na balbu.

Chumba cha wanawake kubadilishia nguo hakikuwepo. Tulitumia stoo ya rangi, mmoja anashika mlango.

Ada ya mtihani haikuwemo kwenye ile 1,850,000, na hili hatukuambiwa mpaka wiki ya kumi. Anakuja mkaguzi kutoka nje, anasimama unapochoma, bomba lako linakatwa vipande vinne, vinakunjwa kwenye mashine mpaka vinakuwa U, mzizi ukiwa nje kwa baadhi na uso ukiwa nje kwa vingine. Ufa ukizidi milimita 3 umeanguka. Mimi niliangushwa na kipande kimoja, palepale nilipobadilisha elektrodi upande wa chini. Mkaguzi alinionyesha kwa kidole bila kunionea, na nilikubali. Nilichokataa ni kwamba marudio yana bei yake, 280,000, na bei hiyo haikuandikwa popote. Nililipa. Wiki mbili baadaye nilipita. Vipande vya mara ya pili niliwaachia waviweke kwenye kabati la maonyesho. Hivi vya mara ya kwanza nilivichukua mimi.

Kubwa kuliko yote ni lile bango la getini. Lina picha ya bomba refu la mafuta na maneno "ajira asilimia 100". Bomba la kutoka Kabaale, Hoima, mpaka Chongoleani hapa kwetu lina urefu wa kilomita 1,443 na limewapa watu kazi kweli, nawafahamu kadhaa. Lakini tulipoanza kozi mradi ulishavuka nusu, na kiungo kikishachomwa hakichomwi tena. Kumuuzia kijana wa Handeni anayeuza mbuzi wa baba yake ajira ya mradi unaoelekea ukingoni ni kumkosea. Kazi za kuchomelea zipo na zitaendelea kuwepo, kwenye viwanda, meli, matangi, mitambo ya umeme. Wangeandika hivyo, ingetosha.

Mhasibu haachi kuhesabu, kwa hiyo nilikuwa na daftari. Siku za kozi 60. Siku 10 nadharia na usalama. Siku 8 umeme ulikatika na jenereta haikuwa na mafuta. Zikabaki 42. Mashine zilikuwa sita, moja ikafa wiki ya pili, tukabaki watu 18 kwa mashine tano. Kwa wastani, muda niliokuwa nimeshusha kofia na moto unawaka ulikuwa dakika 25 kwa siku. Zidisha: saa 17 na nusu. Kijikaratasi cha chuo kiliahidi saa 240 za mazoezi, na nadhani waliihesabu na foleni. Kwa saa hizo 17 na nusu nilichoma elektrodi 640 na kuunganisha mabomba 31.

Nilipozipanga namba hizi nilikasirika. Kisha nikazipanga upande wa pili wa daftari, upande wa chuo, na hasira ikahamia pengine.

Bomba la inchi 6 la unene wa kawaida lina uzito wa kilo 28 na ushee kwa mita moja. Kila zoezi linakula vipande viwili vya sentimita 15. Mabomba yangu 31, kama kila moja lingekuwa jipya, ni zaidi ya kilo 260 za chuma kwa mwanafunzi mmoja. Chuo kilikuwa kikiyakata upya na kuyachonga upya mpaka vipande vinabaki vifupi kama vikombe, na hapo ndipo vilipouzwa chakavu. Weka elektrodi, mawe ya grinda, umeme, dizeli, glovu zinazoungua, mshahara wa mzee anayejua kusikiliza bomba. Ada yangu haikubakiza faida ya kujivunia. Wakisema wanipe saa 60 za moto, ada ingevuka milioni nne, na sisi 18 tusingekuwepo.

Mimi nilisoma uhasibu kwenye ukumbi wa watu 300, mhadhiri mmoja, kipaza sauti kimoja. Mwanafunzi wa 301 anagharimu kiti. Ukumbi ule unaweza kutoa wahasibu kila mwaka bila kikomo, na umewatoa, na ndio waliopanga foleni ya Machi. Mchomeleaji wa 6G anagharimu chuma, kila mmoja chuma chake, na anagharimu macho ya mtu mmoja yakitazama mkono mmoja. Nimewasikia wengi wakisema nafasi hizi hazijazwi kwa sababu vijana wetu hawapendi kazi chafu. Nimekaa nao wiki 12. Hakuna aliyeondoka kwa ajili ya uchafu. Walioondoka ni wawili, mmoja alikosa nauli, mwingine awamu ya pili ya ada. Yule binti wa Muheza alikuwa analala kwa shangazi yake Duga, anatembea mpaka chuoni na kurudi, na mkono wake ulikuwa umetulia kuliko wetu sote.

Mkandarasi mwenye zile karatasi tatu angekuwa ametoa tani moja ya chuma chakavu kwa chuo chochote mjini hapa, angewapata watu wake kabla ya karatasi ya pili.

Kuna jambo moja hakuna aliyeniambia kabla, nami namwambia kila anayenipigia. Cheti hiki kinakufa. Kwa kanuni za ASME, chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, ambazo ndizo viwanda vingi vinazifuata, mchomeleaji akipitisha miezi sita bila kuchoma kwa njia aliyofaulia, kufaulu kwake kumekwisha, anapimwa upya. Digrii yangu ya uhasibu ningeifungia kabatini miaka 20 nikaikuta vilevile. Hiki hapana. Aliye kazini, mwajiri wake anaandika kumbukumbu. Asiye na mwajiri ajitafutie mtu wa kumshuhudia. Kuanzia Oktoba nilikuwa nachomelea mageti na vigoda vya matangi ya maji kwenye karakana ya jirani pale Ngamiani, kwa elektrodi na mashine ileile, lakini nani anaandika? Geti la Makorora haliingii kwenye daftari la mkaguzi.

Februari, wiki tatu kabla miezi sita haijatimia, nilirudi chuoni na vipande vyangu vya bomba nilivyonunua kwa wauza chakavu, na pakiti yangu ya elektrodi. Nilitegemea kudaiwa. Mwalimu alinifungia bomba kwenye nguzo mwenyewe, akasimama kwenye kona yake, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akanitia saini kwenye daftari, na mkuu wa chuo akapiga muhuri, bure. Wakaniambia mhitimu yeyote arudi, hata baada ya mwaka. Hili halipo kwenye bango lao, na lina thamani kuliko lile lililopo.

Saini ile ilinifikisha kwenye geti la kiwanda cha sukari mwezi uliofuata. Viwanda hivi husimama kusaga wakati wa masika, miwa haibebeki shambani, ndipo boila na mabomba hufunguliwa kwa matengenezo. Walitaka wachomeleaji 16. Tulifika 41. Jambo la kwanza waliangalia tarehe: wenye vyeti vilivyolala zaidi ya miezi sita waliwekwa pembeni wasubiri. Jambo la pili, cheti chenyewe hakikumpa mtu kazi, kilimpa zamu ya kupimwa. Unapewa vipande, muda wa saa mbili, na msimamizi anazunguka. Mchana walipita tisa. Tisa kati ya 41, na zilihitajika 16. Jioni ile nafasi saba zilikuwa bado wazi na watu 32 walikuwa wanakwenda stendi. Sijawahi kuona tatizo hili lote likisimama mahali pamoja namna ile.

Mimi nilikuwa mmoja wa wale tisa, nikapangiwa mabomba ya mvuke na ya maji ya miwa. Mirija ya boila sikugusa. Ile inataka mzizi wa agoni, yaani unaokingwa na gesi ya mtungini, tochi mkono huu na waya mkono ule, pengine unatazama kwa kioo cha kujipodoa kwa sababu kichwa hakipiti. Kozi yetu ilikuwa ya elektrodi tupu. Kwenye nafasi zile saba, tano zilikuwa za agoni. Hili nimewaandikia chuo kwa herufi kubwa: waulizeni viwanda vilivyo karibu wanachokosa, kisha mfundishe hicho.

Kwa hiyo unayetaka kulipa, usianze kuuliza ada. Uliza mashine ngapi zinawaka leo, kisha ingia karakana uzihesabu. Uliza mwanafunzi wa mwisho aliunganisha mabomba mangapi, uombe kuona vipande vyake. Fungua oveni, weka mkono, sikia kama ina joto. Wakuandikie kwa maandishi kama mtihani na marudio vimo ndani ya ada. Mpigie simu mhitimu mmoja ambaye hawakukuchagulia wao. Na kama hesabu ya saa za moto inawasumbua kuijibu, waelezee nilivyoipiga mimi, mtafika pamoja.

Naandika nikiwa kwenye chumba cha kupanga karibu na kiwanda, wiki ya tatu ya kazi, shilingi 45,000 kwa siku, watoto wako na bibi yao Makorora. Yule binti wa Muheza amepanga mlango wa pili. Naye ni mmoja wa wale tisa. Matengenezo yakiisha tunataka kurudi wote wawili chuoni, tuanze agoni. Nimempigia Mwalimu. Anasema mitungi miwili ya gesi imefika, stoo ya rangi imewekewa kitasa kwa ndani, na oveni mpya imenunuliwa. Nitaifungua mwenyewe kabla sijalipa.